Shule ya Sekondari Kibaha na Mradi wa Nordic

Shule ya Sekondari Kibaha, mkoani Pwani, ni zao la Mradi wa Nordic ulioanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordic, zikiwamo Denmark, Finland, Norway na Sweden. Muundo wa mradi ulifuata maadui watatu wa taifa: shule ilikabili ujinga, kituo cha afya maradhi, na chuo cha wakulima umaskini. Mwaka 1970 vyote vilikabidhiwa Serikali, vikawa Shirika la Elimu Kibaha.

Baadaye shule ilipewa jukumu la kulea wanafunzi wenye vipaji maalumu kutoka nchi nzima. Hapo ndipo ilipojitenga, pengine bila kukusudia, na jirani zake: mkulima alifunzwa kilimo kwa Kiswahili, ilhali darasani, hatua chache tu kutoka hapo, biolojia ilifundishwa kwa Kiingereza.