Dume Mfupi na Jike Mrefu: Namna ya Kupandisha Farasi Bila Madhara

Farasi dume mwenye asili njema hapimwi kwa urefu peke yake. Wako madume wafupi wenye kwato ngumu, wavumilivu wa safari, tena wapole kwa saisi. Na mwenye farasi jike mrefu aweza kutamani sifa hizo ziingie katika uzao wake. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu atakaye kupata nyumbu wa kazi, yaani baghala, wala si yule nyumbu wa mwituni. Baghala huzaliwa na punda dume na farasi jike, na punda wengi wa Kenya ni wafupi sana wakilinganishwa na farasi.

Katika shauri hili huulizwa maswali mawili. Je, jike atadhurika wakati wa kuzaa? Na je, dume atamfikiaje bila kuumia? Yafaa kila swali lijibiwe peke yake, maana hatari haipo pale wengi wanapoidhania.

KIPIMO CHA MTOTO HUTOKA KWA MAMA

Jibu la swali la kwanza lilipatikana Uingereza. Mwaka 1938 wataalamu wawili wa Cambridge, Arthur Walton na John Hammond, walitangaza matokeo ya kuchanganya farasi wa Shire, ambao ni katika farasi wakubwa kupita wote duniani, na farasi wa Shetland, ambao urefu wao mabegani hauzidi inchi 42, yaani sentimita 107. Kwa kuwa tofauti ya miili ilikuwa kubwa mno, mbegu za dume zilikusanywa na kutiwa ndani ya jike kwa chombo. Watoto wote walikuwa wa asili ya nusu kwa nusu. Walakini wale waliozaliwa na mama wa Shire walikuwa na uzito wa kadiri ya mara tatu kuliko wale waliozaliwa na mama wa Shetland.

Maana yake ni kwamba tumbo la mama ndilo hasa linaloamua ukubwa wa mtoto kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo jike mrefu aliyepandwa na dume mfupi hana sababu ya kuogopewa kwamba atabeba mtoto wa kumzidi nguvu. Lakini somo hili lisichukuliwe na kupelekwa katika zizi la ng'ombe. Wenye ng'ombe wajua kwamba mtamba mdogo akipandwa na fahali wa ukoo mkubwa, mara nyingi hupata taabu wakati wa kuzaa.

KUNGOJA WAKATI WAKE

Farasi jike huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto hilo hudumu siku 5 hata 7. Yai hutoka kwa kawaida siku moja au mbili kabla ya joto kwisha. Kwa sababu hiyo ni desturi njema kumpandisha tangu siku ya pili au ya tatu ya joto, kisha kila baada ya siku moja, mpaka atakapomkataa dume.

Kabla ya kuwakutanisha, wanyama wasimamishwe pande mbili za mlango au ukuta imara wa mbao. Jike aliye tayari huinua mkia, huachanisha miguu ya nyuma, hukojoa kidogo kidogo na kutulia. Asiye tayari hulaza masikio, hupiga kelele na kurusha mateke. Huyu wa pili arudishwe malishoni, ajaribiwe siku nyingine. Kumlazimisha ni kumtafutia dume jeraha, na hapana mimba itakayopatikana kwa nguvu.

ARDHI NDIYO IREKEBISHWE

Dume mfupi akijaribu kumpanda jike mrefu penye uwanda sawasawa, hulazimika kusimama kwa ncha za kwato na kujinyosha kupita kiasi. Huteleza, huanguka, hujaribu tena. Na jike akichoka kusumbuliwa humpiga teke. Teke moja laweza kuvunja mguu wa dume au kuharibu viungo vyake vya uzazi, na kazi yake ikaisha siku hiyo. Wako wanaojaribu kumwinua dume kwa mikono ili kumsaidia. Jambo hilo halifai kabisa, kwa sababu mtu husimama kati ya kwato za wanyama wawili, na hakuna awezaye kujua ni yupi atakayeruka kwanza.

Kinachopasa kurekebishwa ni ardhi. Kwanza wanyama wote wawili wapimwe kwa fimbo iliyonyoka, kutoka chini hata juu ya mabega. Mathalan, jike akiwa na futi 5, yaani sentimita 152, na dume akiwa na futi 4, yaani sentimita 122, tofauti ni futi 1. Tofauti hiyo hupunguzwa kwa njia mbili: ama kuchimba chini kidogo mahali atakaposimama jike, ama kujenga nyuma yake tuta la udongo ulioshindiliwa vizuri, ambapo dume atasimama. Si lazima kuimaliza tofauti yote. Tuta likizidi kimo, dume hutupwa mbele akamlemea jike. Yafaa kuanza na tuta la chini, kisha kuongeza udongo mpaka ionekane kwamba dume hasimami tena kwa ncha za kwato.

Tuta liwe pana, ili dume aweze kushuka na kurudi nyuma bila kuanguka. Ukingo wake usiwe na mawe wala chuma. Juu pawe pakavu, penye nyasi fupi au mpira usioteleza. Siku ya matope kazi iahirishwe. Mahali pa jike pawe wazi kwa mbele, penye mteremko mdogo wa kutokea, ili aweze kuongozwa mbele bila kukwama.

KAZI YA MASAISI

Kila mnyama awe na mtu wake mmoja, mzoefu, mwenye viatu vigumu na kofia ngumu. Wote wawili wasimame upande wa kushoto, waonane na kusikilizana. Watoto na mbwa wawekwe mbali. Kama jike amevikwa viatu vya chuma, vile vya miguu ya nyuma vivuliwe. Mkia wake ufungwe kwa kitambaa safi, na sehemu zake za uzazi zioshwe kwa maji safi na kukaushwa. Jike ashikwe kwa mkono, wala asifungwe kwenye nguzo.

Dume aletwe polepole kutoka ubavuni, si moja kwa moja kutoka nyuma, wala asiruhusiwe kupanda kabla hajawa tayari. Punda dume hasa huweza kukawia sana. Kumpiga au kumkemea humpotezea hamu. Akiwa juu ya jike, mkia wake ukipanda na kushuka mara kadhaa, hiyo ni dalili kwamba mbegu zimetoka. Aachwe ashuke mwenyewe. Wakati huo huo jike aongozwe hatua mbili mbele na kichwa chake kigeuzwe upande wa masaisi, ndipo matako yake yaende upande wa pili, mbali na dume.

Ikiwa tofauti ya urefu ni kubwa hata tuta halitoshi, au jike ana desturi ya kupiga mateke, njia salama ni ile iliyotumika Cambridge: daktari wa mifugo akusanye mbegu za dume na kuzitia ndani ya jike kwa mrija safi.

KUHESABU SIKU

Tarehe ya kila mpando iandikwe kitabuni. Baada ya siku 21 jike ajaribiwe tena mlangoni kwa dume. Akimkataa, huenda ameshika mimba, lakini uhakika hupatikana kwa kupimwa na daktari wa mifugo. Farasi jike huchukua mimba muda wa miezi 11 hivi, na yule mwenye mimba ya baghala aghalabu hupitisha siku chache zaidi. Mtu asiyeandika tarehe hatajua ni usiku gani wa kukesha bandani, na mtoto wa farasi aliyezaliwa vibaya gizani mara nyingi hakuti asubuhi. Kazi ya siku moja ya kushindilia udongo, na mstari mmoja wa wino kitabuni, ni gharama ndogo ya kulinda wanyama watatu: dume, jike, na yule ambaye bado hajazaliwa.