Tembe za Kupanga Uzazi: Miezi Mitatu ya Kwanza Nyumbani



Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo akina mama hulinong'ona kwenye mabomba ya maji na ngazi za ploti, lakini chumbani mwao hawalitaji. Ni yale yanayompata mwanamke anapoanza kumeza tembe za kupanga uzazi. Mtauliza, katekista anahusikaje na tembe? Anahusika kwa sababu katika jumuiya zetu za Umoja, Kayole, Dandora na Buruburu wamo akina mama wanaozimeza, na baadhi yao waume zao hawajui.

Chukua mfano wa mama mwenye watoto watatu. Nyumba ni chumba kimoja. Bwana huondoka alfajiri kwenda Indastria, na akirudi taa zimewashwa. Mama amekwenda kliniki, amepewa pakiti, ameificha ndani ya mkebe wa unga. Wiki ya kwanza anasikia kichefuchefu, na bwana anafurahi akidhani ni mtoto. Wiki ya tatu damu inamtoka kidogo kidogo, matiti yanauma, hataki kuguswa. Bwana anaanza kuwaza mengine: labda amenichoka, labda kuna mtu. Maneno yanakuwa makali, watoto wanasikiza, na neno tembe halijatajwa hata mara moja.

Basi na tulitaje sisi. Tembe za kawaida huwa na homoni za aina mbili, zinazofanana na zile ambazo mwili wa mwanamke hujitengenezea. Hizo huzuia yai lisikomae na kutoka, na hufanya ute wa mlango wa uzazi kuwa mzito. Pakiti nyingi zina tembe 28: 21 zina homoni, na 7 hazina, hizo mara nyingi huwa na madini ya chuma, na ndipo damu hutoka. Mwili unapopokea homoni hizo kila siku huchukua muda kuzizoea. Kwa hiyo huja kichefuchefu, kuumwa na kichwa kidogo, matiti kujaa, damu ya matone katikati ya mwezi, na kwa wengine huzuni au hasira ambazo mwenyewe hajui zimetoka wapi. Kwa walio wengi mambo haya hupungua au kuisha ndani ya miezi mitatu hivi. Wengine hawasikii lolote.

Akina nyanya wenye umri mkubwa husimulia taabu zaidi, nao hawadanganyi. Serikali ya Kenya ilianza mpango wake wa uzazi mwaka wa 1967, na tembe za miaka ile zilikuwa na homoni nyingi kuliko za sasa. Hata zilipojaribiwa kule Puerto Rico kuanzia mwaka wa 1956, wanawake wengi walilalamika kizunguzungu, kutapika na maumivu ya kichwa, na wakubwa wa majaribio hayo hawakuyatilia maanani sana malalamiko yao. Mtu aweza kujiuliza ingekuwaje kama wanaotapika wangekuwa wanaume.

Lakini yako mambo ambayo si ya kuvumilia hata siku moja. Mama akisikia maumivu makali ya kifua au akishindwa kupumua, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kichwa kikipasuka kwa maumivu ambayo hajapata kuyasikia, macho yakifanya giza, upande mmoja wa mwili ukilegea, tumbo likiuma sana au macho yakiwa ya manjano, aache tembe na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Huenda damu imeganda ndani ya mishipa. Jambo hilo ni nadra. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia tembe na wasio na mimba, yapata 2 hupatwa kwa mwaka. Kwa wanaotumia tembe za aina iliyozoeleka ni 5 hadi 7. Hatari huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa kuzimeza. Nadra si kusema haipo, na anayejua dalili hupona pale ambapo asiyejua angengojea asubuhi.

Wapo pia wasiofaa kuzitumia kabisa: mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu, mwenye saratani ya matiti, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na macho kuona vimulimuli, na mvutaji sigara aliyetimiza miaka 35. Mama anyonyeshaye mtoto wa chini ya miezi sita huambiwa asitumie zile zenye homoni mbili. Na mtaani kwetu, ambapo kifua kikuu si mgeni, ni vizuri kujua kwamba dawa yake iitwayo rifampisini hupunguza nguvu ya tembe. Baadhi ya dawa za kifafa na za ukimwi hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana kununua pakiti kwa kemisti pasipo kupimwa presha wala kuulizwa unatumia dawa gani ni kujitia hatarini.

Sasa niseme neno kwa wenzangu tunaofundisha mambo ya ndoa. Tusilitetee fundisho la Kanisa kwa uongo. Imesemwa vikaoni kwamba tembe hurundikana tumboni kama mawe, kwamba aliyezitumia hatazaa tena, kwamba mtoto atazaliwa kiwete. Si kweli. Tembe huyeyuka kama dawa nyingine, uzazi hurudi baada ya kuziacha, na mama aliyezimeza bila kujua ana mimba asiishi kwa hofu juu ya mtoto wake. Mama akigundua tumemdanganya kuhusu tumbo lake, atatusadikije tunapomweleza juu ya roho yake?

Fundisho lenyewe lajulikana. Mtakatifu Paulo VI aliliandika katika barua yake Humanae Vitae, tarehe 25 Julai 1968: tendo la ndoa lisitenganishwe na uzazi kwa makusudi, lakini wanandoa wenye sababu za haki waweza kungoja, wakizifuata siku ambazo mwili wenyewe haushiki mimba. Barua hiyo hiyo yasema dawa inayohitajika kweli kuponya ugonjwa wa mwili si haramu, hata kama itazuia mimba, mradi kuzuia huko siko kulikokusudiwa. Kwa hiyo mama aliyeandikiwa tembe na daktari kwa sababu ya damu nyingi ya hedhi asinyoshewe kidole na jumuiya. Haituhusu kuhesabu pakiti za watu.

Tena barua hiyo ilionya kwamba mwanamume aweza kuzoea njia hizi hata asiujali tena mwili na moyo wa mkewe. Baba, hapa nasema nawe. Ukisema "mambo ya uzazi ni yako, jipange," umemwachia mkeo kichefuchefu, hofu na dhambi peke yake, nawe umebaki na raha. Na ukimkataza tembe lakini huwezi kungoja hata siku nane katika mwezi, umemwachia nini? Njia ya kuchunguza ute, waliyoifundisha daktari John Billings na mkewe Evelyn wa Australia, haiwezekani kwa mke peke yake. Inahitaji mume anayeuliza "leo ni siku gani?" na akijibiwa hakasiriki.

Mnaotaka kuziacha tembe ili mfuate njia hiyo, fahamuni kwamba dalili za mwili hazirudi mara moja. Kwa mizunguko kadhaa ute waweza kukanganya, na wengi waliobeba mimba wasiyoitazamia walikosea hapo kwa haraka. Tafuteni mwalimu wa njia hiyo kupitia parokia kabla ya kuacha. Mama aliyejifungua karibuni naye ana msaada: akimnyonyesha mtoto maziwa ya mama tu, mchana na usiku, mtoto hajafika miezi sita na hedhi haijarudi, ni wachache sana wanaoshika mimba, hawafiki 2 kati ya 100. Moja ya masharti hayo matatu likivunjika, kinga hiyo imekwisha.

Na yule mama mwenye pakiti ndani ya mkebe wa unga? Amwambie bwana wake jioni watoto wakilala, si katikati ya ugomvi. Aanze na lile linalomtisha: "Baba watoto, nimekuwa nikimeza tembe kwa sababu naogopa mimba nyingine wakati huu, nazo zinanisumbua." Bwana asijibu kabla hajanyamaza kidogo. Kisha waende kliniki wawili, wabebe pakiti yenyewe, na tarehe za damu zilizoandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Wakitoka huko, wamwone padre wakiwa wawili vilevile.