504 ya babu, au DX nyekundu ya Kyumbi?

*Mimi ni kijana wa miaka 24, mwendeshaji wa bodaboda hapa Mutituni, juu ya mji wa Machakos. Pikipiki yangu huwa naifungua na kuifunga mwenyewe, na sasa nataka gari. Sitafuti gari la kujionyesha. Nataka gari kuukuu la kujifunzia, nilitengeneze polepole hadi nijue kila kitu kilichomo. Nimeweka akiba ya Sh170,000 kwa miaka mitatu.*

*Yako mawili. La kwanza ni Peugeot 504 ya marehemu babu. Iko nyumbani chini ya mti wa avokado tangu alipofariki 2011, haijawahi kuwashwa tena. Nikiwa mdogo alikuwa ananiweka mapajani nishike usukani tukiingia langoni. Baba mdogo amesema nimpe Sh60,000 niichukue, ila niamue haraka kwa sababu kuna mtu wa vyuma chakavu anaitaka. Susu, yaani nyanya yangu, bado yuko hai, lakini baba mdogo anasema mambo ya magari si ya kumsumbua nayo mzee.*

*La pili ni Toyota DX iliyoko Kyumbi. Inatembea, imepigwa rangi nyekundu juzi juzi, na injini imebadilishwa, imewekwa 5K ya LiteAce. Jamaa anataka Sh140,000. Logbuku ina jina la mtu mwingine, lakini amesema saini atanitafutia. Marafiki wananiambia nichukue DX. Moyo wangu uko kwa 504. Nifanye nini?*

*Njia Panda, Mutituni*

Mwanangu,

Nunua DX, lakini si kwa bei hiyo na si kwa karatasi hizo. Na 504, usimpe baba yako mdogo hata shilingi moja kwa sasa.

Nianze na 504, kwa kuwa ndiyo inayokukosesha usingizi. Moyo wako haujakosea. Gari la aina hiyo lilitoka Ufaransa mara ya kwanza 1968, na miaka ya sabini haikuisha kabla halijashinda Safari Rally mara mbili: 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas, hilo la pili likiwa la milango miwili na injini ya V6. Wazee wetu walioona magari hayo yakipita kwenye vumbi na matope hawakuhitaji tangazo lolote la biashara. Kama namba ya gari la babu ni herufi tatu na tarakimu tatu tu, bila herufi ya mwisho, basi liliandikishwa kabla ya namba za KAA kuanza 1989. Limeishi nchini miaka mingi kuliko wewe.

Na kwa mtu anayetaka kujifunza, injini yake ni mwalimu mzuri. Silinda zake ni slivu zinazochomolewa, na maji yanazizunguka moja kwa moja. Zikilika, bloki haipelekwi kuchongwa: unazitoa, unaweka nyingine na pistoni zake. Kijana mwenye spana nzuri na subira anaweza kuifanya kazi hiyo chini ya mwavuli wa mti. Lakini slivu hizo zina sili za kuzuia maji huko chini, na sili iliyokaa miaka mingi bila kazi inaweza kuharibika. Ukitia maji kwenye rejeta leo, kesho unaweza kuyakuta kwenye oili. Fungua kifuniko cha kumwagia oili upitishe kidole ndani. Ukitoka na kitu cheupe kizito, kama chai ya maziwa iliyoganda juu ya sufuria, umeshajua kazi iliyoko mbele.

Hayo yote yanatengenezeka. Linalonizuia kukwambia ulichukue ni jambo ambalo spana hailiwezi.

Baba yako mdogo hana gari la kukuuzia. Gari lina jina la marehemu, na hujaniambia kama familia imewahi kwenda kortini kufungua mirathi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu, iwe kuiuza, kuigawa au kuichukua, kabla korti haijampa kibali. Kufanya hivyo ni kosa la jinai, hata kama aliyefanya ni mwana wa damu. Watu hudhani gari kuukuu ni kama kiti au sufuria, kitu cha nyumbani tu. Sheria hiyo yenyewe, inapoeleza vyombo vya nyumbani ambavyo mjane hubaki navyo, imelitaja gari na kuliweka nje ya orodha. Na anayepewa nafasi ya kwanza kuomba kibali cha kusimamia mali ni mjane. Yaani susu yako, yule yule anayesemekana hafai kusumbuliwa.

Hapo ndipo nilipokasirika, nakwambia wazi. Mjane ambaye mumewe ndiye aliyekuwa mwenye gari hilo anaambiwa si jambo lake, huku bei ikipangwa nyuma ya nyumba na mtu wa vyuma akitumiwa kukutisha. Ukitoa Sh60,000 leo, utatengeneza gari ambalo haliwezi kuandikwa jina lako, haliwezi kupata bima kwa jina lako, na siku litakapong'aa ndiyo siku shangazi zako wote watakapokumbuka kuwa nao ni watoto wa marehemu. Nimeona familia hapa Ukambani zikiacha kusalimiana kwa kitu kidogo kuliko 504.

Kuna sababu nyingine, na hii ni yangu mwenyewe. Nilipomaliza chuo nilinunua gari lisilotembea. Tulilisukuma mimi na majirani wanne hadi nyumbani, na wiki ile ile nikafungua hedi. Boliti niliziweka kwenye kopo moja, zote pamoja. Mshahara ukachelewa, mvua ikaja, nikakaa wiki sita bila kuligusa. Niliporudi sikujua boliti ipi ilitoka wapi. Mwaka uliofuata liliondoka likiwa juu ya mkokoteni wa vyuma chakavu. Kilichoniuma si pesa. Niliamini mikono yangu haifai, nikaacha kushika spana kwa karibu miaka miwili. Gari la kwanza la mwanafunzi linafaa kuwa linalotembea, hata kama linatembea vibaya. Unarekebisha breki Jumamosi, na Jumapili unaona tofauti barabarani. Hicho ndicho kitakachokurudisha chini ya boneti wiki inayofuata.

Sasa twende Kyumbi.

DX ni chaguo zuri kwa sababu ya wepesi wake. Kabureta moja, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, nafasi ya kutosha kuingiza mkono pande zote za injini. Hiyo 5K isikutie hofu, kwa kuwa ni ya ukoo ule ule wa injini ya K ambayo DX nyingi zilikuja nayo, na spea zake zinapatikana kwa urahisi kuliko za 504. Kwa 504 utajikuta unapanda matatu kwenda Grogan na Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta kifaa kimoja, na kurudi mikono mitupu mara nyingine.

Kinachonitia wasiwasi ni rangi. Gari la umri huo lililopigwa rangi juzi juzi huenda linaficha kitu. Huko kwenu mna Kituluni, mahali ambapo macho yanakuapia kwamba maji yanapanda mlima. Umekulia karibu na hapo, kwa hiyo unajua jicho linavyoweza kudanganywa mchana kweupe. Basi usilitumie jicho. Nunua sumaku ndogo, ile ya spika kuukuu inatosha, ifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze. Ipitishe polepole chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu, na pembeni mwa kioo cha mbele. Penye bati itashika. Ikianguka, chini ya rangi hiyo hakuna bati karibu: ni fila, na mara nyingi imepakwa juu ya kutu. Kisha inua zulia upande wa dereva na ubonyeze sakafu kwa bisibisi. Injini iliyochoka hubadilishwa kwa siku mbili. Bodi iliyooza itakula akiba yako yote na bado itaendelea kuoza. Kama sakafu na chesisi zimekwisha, rudi nyumbani, hata jamaa akishusha bei hadi nusu.

Bodi ikifaulu, omba kuliendesha, na usikubali kulizungusha hapo hapo sokoni. Lilete Machakos mjini, kisha lipandishe kuelekea kwenu Mutituni, ukiangalia geji ya joto njia nzima. Sindano ikipanda pamoja na mlima na kukataa kushuka, huenda rejeta imeziba au gasketi ya hedi inaelekea kuchomeka. Ukigeuza kushuka, toa mguu kwenye akseleta kwa muda, kisha kanyaga tena na mtu aangalie nyuma: moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Kabla ya mteremko wowote, hakikisha breki zinashika mkiwa bado kwenye tambarare. Nakusihi hilo.

Karatasi ndizo zitakazoamua. Ile habari ya kutafutiwa saini ni ya zamani. Siku hizi uhamisho wa umiliki hufanywa mtandaoni, kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, na anayeuanzisha ni yule ambaye jina lake liko kwenye rekodi, kwa akaunti yake mwenyewe. Wewe unapokea upande wako. Kama huyo mtu hayupo, amehama, au naye ni marehemu, umetoka kwenye mirathi ya babu yako ukaingia kwenye mirathi ya babu wa mwenzako. Kabla ya bei, lipia nakala ya rekodi za gari hilo. Itakuonyesha mmiliki ni nani, kama gari limewekwa dhamana ya mkopo, na namba ya injini iliyoandikwa. Namba hiyo uilinganishe na iliyogongwa kwenye bloki. Injini imebadilishwa, kwa hiyo kama rekodi bado inataja ile ya zamani, muuzaji ndiye wa kuirekebisha kabla hujalipa, naye akuonyeshe hiyo 5K ilinunuliwa wapi. Asipokuwa na risiti, usiende mbele. Polisi akiikuta injini ya wizi kwenye gari lako, atakayeulizwa ni wewe.

Kuhusu pesa: usitoe Sh140,000. Ukifanya hivyo unabaki na Sh30,000, na gari kuukuu lina njaa siku ya kwanza. Kuna tairi, betri, breki pedi, oili, bima, na ada ya uhamisho. Lenga Sh110,000, na ukomo wako uwe Sh115,000. Asipokubali, DX hazijaisha nchini. Kutoka kwenye akiba itakayobaki, kitu cha kwanza kununua kiwe stendi mbili za chuma za kuegemeza gari. Jeki ni ya kuinulia tu, na jiwe la kuegemezea gari hupasuka bila kutoa onyo. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Na 504? Usiiache ioze wakati mnasubiri. Kuilinda si kuichukua. Kwa ruhusa ya susu, ondoa majani ya avokado yaliyojaa chini ya kioo cha mbele, maana ndiyo yanayoshika maji na kuleta kutu. Iinue magurudumu yasikae kwenye udongo, ifunike kwa turubai lakini uache upepo upite chini. Toa plagi zote nne, mimina kijiko cha oili safi kwenye kila silinda, uzirudishe, uache. Usijaribu kuiwasha kwa kuivuta na gari lingine, kama vijana watakavyokushauri. Siku yake ikifika mtaizungusha kwa mkono kwanza, kwa spana, taratibu.

Siku hiyo italetwa na susu. Nenda kwake ukiwa na sukari na majani ya chai, ukae naye jioni nzima, na umweleze ulichoambiwa na baba mdogo bila kumchongea. Ukimwona ameliafiki, mpeleke kwa chifu akaandike barua ya kutaja warithi wote, kisha kortini pale Machakos. Ombi litatangazwa kwenye Gazeti Rasmi kwa siku 30 kama kuna mwenye pingamizi, na baada ya kibali kutolewa kuna miezi sita kabla ya kuthibitishwa. Ni muda mrefu, lakini gari limesubiri tangu 2011, nawe utakuwa na DX ya kufungua kila Jumamosi. Familia ikikubaliana wewe ndiye wa kuichukua 504, utaipokea ukiwa umeshajua kuweka boliti za hedi kwenye katoni iliyotobolewa, kila moja kwenye tundu lake.

Jioni hiyo kwa susu, muulize pia ufunguo uko wapi. Hukuniambia kama unao.