Unafanya Kazi ya Ushauri? Tenga Kodi Pesa Inapoingia

Ukiwa umeajiriwa, mwajiri hukata PAYE kila mwezi. Ukiwa mshauri wa kujitegemea, mteja hukata 5% ya ada yako (ikiwa ni KSh 24,000 au zaidi kwa mwezi) na kuipeleka KRA. Wengi hudhani hapo wamemaliza. La, hiyo 5% ni sehemu tu ya deni. Na ile kodi ya mauzo ya 3% (TOT) haihusu ada za ushauri.

Kodi ya awamu ni nini?

Kodi yako ya mwaka ikizidi KSh 40,000, unatakiwa kuikadiria na kuilipa mara nne, robo kila mara: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba.

Kukadiria kuna njia mbili: chukua kodi ya mwaka jana uongeze 10%, au piga hesabu ya mapato unayotarajia mwaka huu. Kisha toa ile 5% iliyokatwa na wateja.

Tupige hesabu

Tuseme unalipisha KSh 100,000 kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka. Gharama za kazi zenye risiti za eTIMS ni 240,000. Mapato ya kutozwa kodi ni 960,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, bila kuhesabu makato ya SHA:

- 288,000 za kwanza kwa 10%: 28,800
- 100,000 zinazofuata kwa 25%: 25,000
- 572,000 zilizobaki kwa 30%: 171,600
- Jumla: 225,400
- Toa nafuu ya kodi: 28,800
- Toa 5% ya wateja: 60,000
- Unabaki kulipa: 136,600, au 34,150 kila awamu

Kila mwezi unapokea 95,000. Ukitenga 12%, yaani 11,400, mwaka utaisha deni likiwa limelipika.

Chunga Juni

Kati ya Aprili na Juni ni miezi miwili tu. Kama mteja hulipa mwisho wa mwezi, kufikia 20 Juni umelipwa mara tano na umetenga 57,000, wakati awamu mbili zinataka 68,300. Hapo ndipo watu hukimbilia mkopo. Dawa yake: tenga 15% kuanzia Januari hadi Mei, kisha rudi 12%.

Pesa ikiingia tu, hamisha fungu la kodi kwenye akaunti ya akiba ya simu. Ikikaa pamoja na ya matumizi, itaisha kwa unga na mafuta.

Kulipa kwa simu

1. Ingia iTax, sajili malipo ya kodi ya awamu, upate namba ya malipo (PRN).
2. Kwenye simu chagua Lipa Bili, weka 222222, na PRN kama namba ya akaunti.
3. Hakikisha kiasi, weka PIN yako ya simu, uhifadhi SMS.

Usitume kodi kwa namba ya mtu binafsi, hata akisema ni afisa.

Ukichelewa, faini ni 5% na riba 1% kwa mwezi. Kwa awamu ya 34,150, faini pekee inapita KSh 1,700. Salio la mwaka hulipwa kufikia 30 Aprili unaofuata, na ritani hutumwa kufikia 30 Juni. Weka vikumbusho kwenye simu yako leo.