Ufahamu na Muhtasari: Gitaa Lisiloshika Sauti

Mtahiniwa, Karatasi ya Pili ya Kiswahili (102/2) ina alama 15 za ufahamu na alama 15 za muhtasari. Hizo ni alama 30 kati ya 80. Taarifa ikiwa hadithi, watahiniwa wengi huzipata bila taabu. Ikiwa ya kiufundi, yaani inayoeleza namna ya kufanya kazi fulani, wengi huteleza. Huzikumbuka hatua lakini husahau sababu ya kila hatua, na maswali mengi huulizia sababu.

Katika somo hili utasoma taarifa kuhusu kubadilisha vifaa vya kukazia nyuzi za gitaa la umeme. Si lazima uwe umewahi kushika gitaa. Kila jibu limo ndani ya taarifa.

Fanya hivi: soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, pigia mstari maneno yanayoonyesha sababu (kwa kuwa, ili, ndiyo maana) na yanayoonyesha mpangilio (kwanza, kabla ya, kisha, hatimaye). Ndipo uyageukie maswali.

TAARIFA

1. Klabu yetu ya muziki shuleni ilikuwa na gitaa moja la umeme la bei nafuu, lililonunuliwa kwa michango ya wanafunzi. Wiki tatu kabla ya tamasha, gitaa hilo lilianza kutuaibisha. Lilirekebishwa sauti kabla ya wimbo, lakini kufikia ubeti wa pili lilikuwa limepotoka na waimbaji walikuwa wakitazamana. Mimi, mlezi wa klabu, nilikata kauli papo hapo: vikaza nyuzi vimechakaa, vibadilishwe vyote sita. Nilikuwa sahihi nusu tu.

2. Vikaza nyuzi, ambavyo hapa tutaviita tyuna, hufungwa kwenye kichwa cha gitaa, kimoja kwa kila uzi. Tyuna ina kitufe cha kuzungushwa kwa vidole na mhimili unaozungushiwa uzi. Kati ya viwili hivi pana kijiti cha chuma chenye mizingo kama ya skrubu, kinachosukuma gurudumu dogo la meno. Katika tyuna nyingi, kitufe huzunguka mara 14 au 18 ili mhimili uzunguke mara moja. Ndiyo maana vidole viwili hutosha kukaza uzi, ingawa nyuzi zote sita kwa pamoja huivuta shingo ya gitaa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 35 hadi 50 hivi. Muundo huo una faida nyingine. Kijiti huweza kulisukuma gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kukisukuma kijiti kirudi nyuma. Kwa hivyo hata tyuna ya bei rahisi, ikiwa nzima, hairudi nyuma yenyewe.

3. Fundi mmoja wa mtaani ndiye aliyenifumbua macho. Kabla ya kugusa bisibisi, alichunguza mambo matatu. Kwanza, alitazama namna nyuzi zilivyozungushwa kwenye mihimili. Mizunguko miwili hadi minne iliyopangika kuelekea chini yatosha. Sisi tulizungusha saba, mmoja juu ya mwingine, na kila uzi ulipopigwa mizunguko hiyo ilijikaza na uzi ukalegea. Pili, alitazama mifereji ya kile kipande cheupe kinachotenganisha kichwa na shingo. Mfereji ukiwa mwembamba mno, uzi hunaswa ndani yake kisha huachia ghafla. Alisugua mifereji hiyo kwa ncha ya penseli ili unga wake mweusi uulainishie uzi njia. Tatu, alizitazama nyuzi zenyewe. Zilikuwa zimeshika kutu. Alipozibadilisha, nyuzi tano zilitulia. Wa tatu peke yake uliendelea kulegea. Kitufe cha tyuna yake kilizunguka karibu nusu mzunguko bila mhimili kusogea, na mara nyingine meno yaliruka. "Hii sasa," fundi alisema, "ina haki ya kubadilishwa."

4. Tyuna ziliuzwa kwa seti ya sita, kwa hivyo tuliamua kubadilisha zote. Hapo ndipo nilipolazimika kukiri kosa. Siku mbili kabla ya kumwona fundi, nilikuwa nimenunua seti kwa kukadiria kwa macho. Matundu ya kichwa cha gitaa letu yalikuwa na kipenyo cha milimita 8, ilhali seti niliyonunua ilihitaji matundu ya milimita 10. Nilipendekeza tuyapanue. Fundi alitikisa kichwa. Tundu likipanuliwa halirudi, na mbao nyembamba ya kichwa huweza kupasuka. Muuzaji naye alikataa kurudisha pesa. Nililipia seti ya pili kutoka mfukoni mwangu, kwa kuwa sikuthubutu kuwaomba wanafunzi mchango mwingine. Safari hii tulipima kwa rula kila kitu kabla ya kwenda dukani: kipenyo cha tundu, unene wa kichwa, umbali kati ya tundu na tundu, na mahali palipo na skrubu. Tuliangalia pia mpangilio, kwa kuwa kuna magitaa yenye tyuna sita upande mmoja na mengine yenye tatu kila upande, na tyuna ya kushoto haifai kulia.

5. Kazi yenyewe ilifuata mpangilio. Tulilegeza nyuzi zote polepole kabla ya kuzitoa, kisha tukafungua skrubu ndogo za nyuma na kuondoa tyuna kuukuu. Tulitia tyuna mpya bila kuzifunga, tukaweka rula pembeni mwake ili zikae mstari mmoja. Matundu ya zamani ya skrubu hayakulingana na tyuna mpya, basi tuliyaziba kwa vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao na kuyaacha usiku kucha. Kesho yake tulitoboa matundu mapya membamba kuliko skrubu. Fundi alizungushia karatasi ya kunata kwenye ncha ya keekee kuonyesha kina, ili isitokeze upande wa mbele. Kila skrubu ilipakwa sabuni na kukazwa kwa mkono. Nilipuuza sabuni kwenye skrubu moja tu, nayo ikakatika, nusu ikabaki ndani ya mbao. Hatimaye tulitia nyuzi, tukazivuta kwa vidole mara kadhaa na kuzikaza tena. Sauti ilitafutwa kwa kupanda: tulipoipita, tulilegeza uzi hadi chini yake kisha tukakaza upya. Ukimalizia kwa kulegeza, nafasi ndogo hubaki kati ya meno, na uzi utalegea baadaye.

6. Siku ya tamasha gitaa lilishika sauti hadi ubeti wa mwisho. Wanafunzi walishangilia tyuna mpya zilizong'aa. Mimi nilijua kwamba sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na penseli ya shilingi chache, nyuzi mpya na mtu aliyetazama kabla ya kufungua. Ile nusu ya skrubu imo kichwani mwa gitaa mpaka leo.

MASWALI YA UFAHAMU (alama 15)

(a) Kwa nini mwandishi anasema alikuwa sahihi nusu tu? (alama 2)
(b) Eleza sababu ya tyuna nzima kutorudi nyuma yenyewe. (alama 2)
(c) Fundi alichunguza mambo gani matatu kabla ya kufungua tyuna? (alama 3)
(d) Taja hasara mbili zilizompata mwandishi kwa kutofuata utaratibu. (alama 2)
(e) Fundi alitambuaje kwamba tyuna ya uzi wa tatu ilikuwa mbovu? (alama 2)
(f) Andika methali moja inayoafiki kosa la mwandishi katika aya ya nne. (alama 1)
(g) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumiwa katika taarifa. (alama 3)
(i) nilikata kauli
(ii) hunaswa
(iii) kipenyo

MAJIBU NA MAELEZO

(a) Alidai kwamba tyuna zote sita zilikuwa mbovu, lakini ni moja tu, ya uzi wa tatu, iliyokuwa mbovu. Shida ya nyuzi nyingine ilitokana na kuzungushwa vibaya, mifereji iliyozinasa na kutu.
Angalizo: Neno "nusu" linadai pande mbili. Ukitaja upande mmoja, utapata alama 1.

(b) Kijiti chenye mizingo huweza kulisukuma gurudumu la meno, lakini gurudumu haliwezi kukisukuma kijiti.
Angalizo: Wengi wataandika kwamba kitufe huzunguka mara 14 au 18. Jambo hilo ni kweli, lakini linaeleza kwa nini kukaza ni rahisi. Hilo si swali uliloulizwa.

(c) Namna nyuzi zilivyozungushwa kwenye mihimili. Mifereji ya kipande kinachotenganisha kichwa na shingo. Hali ya nyuzi zenyewe.

(d) Alilipia seti ya pili kwa pesa zake. Skrubu ilikatika na nusu yake ikabaki ndani ya mbao.
Angalizo: Kupasuka kwa mbao si jibu. Fundi alionya kwamba mbao huweza kupasuka, lakini haikupasuka. Tofautisha lililotokea na lililohofiwa.

(e) Kitufe kilizunguka karibu nusu mzunguko bila mhimili kusogea, na mara nyingine meno yaliruka.

(f) Mwenye pupa hadiriki kula tamu. (Au: Haraka haraka haina baraka.)

(g) (i) niliamua. (Ii) hukwama au hushikwa. (Iii) upana wa duara unaopimwa kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati.
Angalizo: Fuata matumizi ya taarifa. "Kunaswa" kwaweza kuwa kuchapwa kofi, lakini hapa uzi haukuchapwa na mtu. Weka pia jibu katika nafsi na wakati ule ule: "nilikata kauli" ni "niliamua", si "kuamua".

MUHTASARI (alama 15)

(a) Bila kubadilisha maana, fupisha aya ya tano kwa maneno 60 hadi 70. (alama 9, 1 ya mtiririko)

Matayarisho

Orodhesha hoja kabla ya kuandika. Alama 1 ni ya mtiririko, kwa hivyo tafuta hoja nane:
• kulegeza nyuzi zote polepole
• kuondoa skrubu na tyuna kuukuu
• kusawazisha tyuna mpya kwa rula
• kuziba matundu yasiyolingana na kuyaacha usiku kucha
• kutoboa matundu membamba kwa kina kilichowekewa alama
• kupaka skrubu sabuni na kuzikaza kwa mkono
• kutia nyuzi na kuzivuta
• kutafuta sauti kwa kupanda

Kisa cha skrubu iliyokatika ni mfano, si hoja. Mfano huachwa nje ya muhtasari, ila sababu iliyomo ndani yake huweza kutumiwa.

Jibu

Nyuzi zote hulegezwa polepole, kisha skrubu na tyuna kuukuu huondolewa. Tyuna mpya husawazishwa kwa rula. Matundu yasiyolingana huzibwa kwa vijiti vyenye gundi na kuachwa usiku kucha. Matundu mapya, membamba kuliko skrubu, hutobolewa kwa keekee yenye alama ya kina ili isitokeze mbele. Skrubu hupakwa sabuni na kukazwa kwa mkono ili zisikatike. Hatimaye nyuzi mpya huwekwa, huvutwa, na sauti hutafutwa kwa kupanda ili zisilegee. (Maneno 62)

Tazama mambo mawili katika jibu hili. Kwanza, nafsi ya mwandishi imeondolewa: "tulilegeza" imekuwa "hulegezwa". Pili, mpangilio haukuvurugwa. Mtahiniwa akiandika kwamba skrubu hukazwa kabla ya kutoboa, amepoteza maana, hata kama maneno yote mawili yamo. Angekuwa na bisibisi mkononi, angekuwa na nusu ya skrubu ndani ya mbao.

(b) Fupisha aya ya tatu kwa maneno 45 hadi 50. (alama 6, 1 ya mtiririko)

Swali hili ni lako. Funika majibu yaliyo juu, tafuta hoja tano, andika matayarisho kisha jibu safi, na uhesabu maneno. Ukizidisha, usikate tu maneno ya mwisho. Rudi kwenye orodha ya hoja uone ni mfano gani ulioupenyeza.