Mwanafunzi wa Kigeni Mtume Sokoni

Jumamosi iliyopita, sokoni Mpanda, niliona haki ikitendeka mbele ya meza ya migebuka. Mama mmoja wa Kijerumani, kofia kubwa kichwani, alinyoosha kidole kwenye fungu la samaki. Muuzaji akaiangalia kofia, akasema, "Elfu ishirini." Kabla pochi haijafunguka, binti wa mgeni huyo akaingia kati: "Shikamoo, mama. Huyu ndiye mama yangu mzazi. Umenizoea tangu 2016, leo unamfanyia mama yangu hivi?" Watu wakaangua kicheko. Muuzaji alijifunika uso kwa khanga, akafunga samaki kwa elfu nane na kuongeza mmoja wa juu.

Binti huyo tunamwita Kabula. Alishuka kwenye treni ya Tabora mvua za mwisho za Aprili zikimwagika, na jirani yangu Msukuma hakuona jina jingine la kumpa. Alitoka chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, akaishi kwangu Makanyagio miezi minne huku akichunguza ugomvi wa viboko na wakulima kule Sitalike, mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi. Kiangazi Mto Katuma hunywea, maana huko juu maji yamechepushwa kwenda kwenye mpunga, na viboko hujazana kwenye madimbwi yaliyobaki kama ng'ombe zizini.

Tangu arudi na mama yake, watu watatu wameniuliza mgeni wa namna hiyo anapokelewaje. Basi hatua ni tano.

Ya kwanza ni vibali. Mtafiti anahitaji kibali cha COSTECH, kama ni mambo ya wanyamapori TAWIRI nao wanahusika, kisha Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi daraja C. Hayo yeye na chuo chake wahangaike nayo. Wewe mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa siku ile ile, kabla maneno hayajakutangulia.

Ya pili ni malazi. Kufagia na kuchemsha maji unajua. Ila chandarua! Nilinunua cha duara katika duka moja la hapa mjini, muuzaji akaapa kwamba kinamtosha hata askari. Kabula ana urefu wa mlango. Usiku nyayo zikaegemea neti, mbu wakamla kupitia matundu, asubuhi kisigino kimeumuka kama andazi. Nilipokirudisha, jamaa aliniambia tatizo ni mguu. Nunua cha pembe nne, cha futi sita, na usinunue kwake. Duka silitaji kwa sababu mwenyewe ni shemeji wa jirani yangu.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike, na naona mbili zilizobaki sitazifikia.

Mwanzoni nilimkalisha kama mgeni. Kiti chake peke yake, paja la kuku lake, watoto wanyamaze akisoma. Akishika sahani aoshe, ninamnyang'anya. Wiki ya tatu nikamkuta chumbani analia. Nikahofia malaria, tukaenda kupima, hana kitu. Usiku akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mama, hapa kila mtu ana kazi. Mimi ninakaa tu." Ule msemo wa mgeni na jembe tunausema tukicheka, lakini nani anamkabidhi Mzungu jembe? Tunaogopa kuambiwa tunamtumikisha.

Kesho yake wali uko jikoni, chumvi hakuna. Nikamwita kitinda mimba wangu, hayupo. Kabula akachungulia. Nikampa mia tano. Alikwenda mbio.

Kutuma nako kuna ufundi. Usimwandikie karatasi, maana ataionyesha tu na hatasema neno. Mtajie vitu viwili avikariri njiani. Halafu mpe pesa ya bei halisi, isizidi hata mia, ili akitajiwa bei ya Mzungu asiwe na cha kuongeza. Mara ya kwanza kumtuma sokoni alirudi mikono mitupu: migebuka ya elfu tano ametajiwa elfu kumi na tano. Nilitamani kwenda kugomba. Nikajifunga khanga, nikaenda naye, nikamwamkia yule muuzaji taratibu: "Dada, huyu ni binti yangu. Akija yeye, nimekuja mimi." Msindikize hivyo mara moja tu, kisha usimfuate tena.

Baada ya mwezi alikuwa anafunua matamvua ya samaki na kujua waliofika asubuhi kutoka Karema na waliolala. Asali ya Inyonga aliionja, na ya sukari akaikataa mbele ya mwenye nayo. Majirani wakaanza kumtuma bila kuniomba, na hapo nilijua si mgeni tena. Hata wakulima wa Sitalike walimfungukia. Alijua bei ya gunia la mpunga, kwa hiyo walipomwonyesha jaruba lililokanyagwa na kiboko alipiga hesabu ya hasara kabla yao.

Mume wangu alipofariki 2020, Kabula alipiga simu siku tatu mfululizo. Alilia, akatuliza sauti, akauliza: "Sasa sokoni anakwenda nani?"

Mama yake yuko kwangu mpaka Alhamisi. Kiswahili hana hata kidogo. Asubuhi nimempa elfu mbili, nimemtuma nyanya na vitunguu. Bado hajarudi.