Mpeleke Mbwa Kwenye Chanjo kwa Trela, Afike Salama

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, wakazi wanaoishi mbali na kituo mara nyingi huchanga pesa na kukodi pikapu yenye trela. Ni wazo zuri. Taabu huanza mbwa wanapofungwa kamba shingoni na kurundikwa pamoja juani. Akiruka, kamba humnyonga. Kamba ikikatika, hupotea au humuuma mtu kabla ya kuchanjwa. Na mwenye mbwa aliyeumia njiani huenda asimlete tena mwaka ujao.

Hilo si jambo dogo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mgonjwa hufariki. Ili kuzuia ugonjwa usienee, angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo wanafaa kuchanjwa. Kenya imelenga kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huu kufikia mwaka 2030. Safari njema ni sehemu ya kazi hiyo.

Kabla ya kupakia

1. Muulize afisa wa mifugo wa wadi yako kama chanjo itafika karibu na kijiji chako. Safari fupi ndiyo bora.
2. Kagua magurudumu, taa, kiungio cha trela na mnyororo wa usalama.
3. Tumia kizimba imara kilichofungwa kwenye sakafu ya trela. Mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala.
4. Kizimba kiwe na matundu ya hewa kila upande na kivuli juu. Hakikisha moshi wa ekzosi hauingii ndani.
5. Sakafu ya bati huteleza na huchoma. Tandika mkeka wa mpira, magunia au nyasi kavu.
6. Watenge mbwa wasiozoeana, na jike aliye kwenye joto akae peke yake.
7. Usimlishe mbwa ashibe muda mfupi kabla ya safari. Maji mpe.

Usimfunge mbwa ndani ya gunia ili abebwe kwa bodaboda. Hana hewa ya kutosha, na akianza kupigana humo dereva anaweza kupoteza mwelekeo.

Njiani

Ondokeni alfajiri, jua likiwa bado halijawaka. Dereva aende polepole kwenye matuta na kona, kwa sababu trela hurukaruka kuliko gari lenyewe. Simameni baada ya kilomita chache kuangalia kama kila kitu kimeshika, kisha wapeni mbwa maji kila mnaposimama. Usifungue kizimba kabla ya kumshika mbwa kwa kamba.

Dalili za hatari

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema. Ukimwona anahema kwa kasi bila kutulia, anatoa mate mazito, ufizi umekuwa mwekundu sana, anatapika au anayumba, joto limemzidi. Mweke kivulini, mmwagie maji baridi ya kawaida mwilini, mpepee na umfikishe kwa daktari wa mifugo upesi. Usimwache kwenye gari lililofungwa, hata kwa dakika chache.

Mtu akiumwa

Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu.

Mbwa wa umri wa miezi mitatu na zaidi achanjwe, kisha arudiwe kila mwaka. Hifadhi cheti chake. Na kabla ya kukodi trela safari ijayo, zungumza na majirani: nani ana kizimba, nani ana magunia, nani atakaa na mbwa mkisimama njiani?